Kinga ya malaria Kahe: Namna mwili unavyojifunza, na unavyosahau

KAHE, iliyoko katika tambarare ya kusini mashariki mwa mji wa Moshi, ina mwinuko wa mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari. Joto lake na maji ya mifereji ya umwagiliaji huwafaa mbu aina ya anofelesi kuliko baridi ya Marangu na Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusu vijiji vya mikoa ya Kilimanjaro na Tanga, ulionyesha kuwa kingamwili za malaria katika damu hupungua kadiri mwinuko unavyoongezeka. Maana yake ni kwamba mwili hujenga kinga hiyo kwa kukutana na vimelea tena na tena.

Kazi hiyo hufanywa na chembe nyeupe za damu. Chembe hizo zina karibu jeni zilezile; kinachozitofautisha ni protini ziitwazo vidhibiti vya unukuzi, ambazo hujishikiza kwenye jeni na kuamua ipi isomwe na ipi inyamaze.

Chembe T inapotambua kipande cha kimelea, vidhibiti vya awali huingia katika kiini chake na kuiamsha. Kisha vingine huipangia kazi. T-bet, iliyoelezwa mwaka 2000, huifanya itoe interferoni gama, inayozihamasisha chembe nyingine kumeza vimelea. FOXP3 huunda chembe za kutuliza mapambano ili kinga isiudhuru mwili wenyewe; utafiti kuhusu chembe hizo ulipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025. Blimp-1 nayo huzigeuza chembe B kuwa viwanda vya kingamwili.

Mapambano yakiwa hafifu, vimelea huongezeka. Yakizidi, viungo huumia. Ndiyo sababu mtu mzima aliyeugua mara nyingi utotoni huweza kubeba vimelea bila kuzidiwa, ilhali mtoto mdogo au mgeni kutoka mlimani huweza kuugua vibaya.

Maambukizi katika tambarare za Moshi yamepungua sana tangu miaka ya 2000. Hiyo ni heri, lakini watoto wa Kahe hukua bila mafunzo hayo, na kinga ya wazee hufifia. Hivyo mkazi asitegemee mazoea: alale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ikianza apimwe damu mapema.