Deni la Kaizari

Ujerumani iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1914 ikiwa imekusudia kupigana kwa mkopo. Serikali ya Kaizari Wilhelm II haikutaka kupandisha kodi, ikawageukia wananchi wake: walimu, wajane, watumishi wa reli, wenye maduka. Mara tisa waliombwa kununua hatifungani za vita, na mara tisa walipeleka akiba zao, mpaka jumla ikakaribia marki bilioni 100. Karl Helfferich, aliyesimamia hazina, aliliambia Bunge mwaka 1915 bila kificho kwamba mzigo huo watakuja kuubeba maadui watakaposhindwa.

Waliposhindwa wao, Kaizari alikimbilia Uholanzi. Deni lilibaki. Lililiangukia taifa jipya, jamhuri iliyotangazwa Berlin tarehe 9 Novemba 1918, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Friedrich Ebert, fundi wa matandiko ya farasi aliyepanda ngazi kupitia chama cha wafanyakazi. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu wengi wanaosimulia udhaifu wa jamhuri hiyo, iitwayo Jamhuri ya Weimar, huianza hadithi katikati, kana kwamba wanasiasa wake ndio waliochoma nyumba waliyoikuta imeshaungua.

Hata aibu ya kushindwa ilitupwa kwao. Majenerali walijiweka kando, na aliyeongoza ujumbe wa kutia saini usitishaji wa mapigano alikuwa raia, mbunge Matthias Erzberger. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaichukua mikoa ya mipakani na makoloni yote, zikiwemo nchi tunazoziita leo Tanzania Bara, Rwanda na Burundi. Mwaka 1921 fidia ya vita ikapangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Walioanzisha vita walitulia majumbani mwao wakiandika kumbukumbu. Waliokubali matokeo yake wakaitwa wasaliti.

Jeshi nalo halikuipenda jamhuri. Machi 1920 brigedi ya Ehrhardt iliingia Berlin kumsimika Wolfgang Kapp madarakani, na makamanda wakakataa kuwafyatulia risasi wanajeshi wenzao. Miongoni mwa maofisa waliounga mkono uasi huo alikuwamo Paul von Lettow-Vorbeck, yule yule aliyepigana na Waingereza kutoka Tanga hadi Msumbiji, huku nyuma yake vijiji vikibaki na njaa na makaburi ya wapagazi. Waliouzima uasi ni wafanyakazi. Waligoma nchi nzima, treni zikasimama, umeme na maji vikakatika Berlin, na siku ya tano Kapp akawa ameshaondoka. Lettow-Vorbeck aliondolewa jeshini.

Mahakama zilikuwa zile zile za enzi ya Kaizari, na majaji ni wale wale. Mwanahisabati Emil Julius Gumbel aliyahesabu mauaji ya kisiasa ya kuanzia 1919 hadi 1922: mrengo wa kulia uliua mara 354, wa kushoto mara 22. Kati ya yale 354, mauaji 326 hayakupata adhabu yoyote. Erzberger alipigwa risasi Agosti 1921. Walther Rathenau, Waziri wa Mambo ya Nje, aliuawa ndani ya gari lake tarehe 24 Juni 1922, siku moja baada ya Helfferich, yule yule wa hatifungani, kumshambulia vikali bungeni.

Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliingia bonde la Ruhr, kitovu cha makaa ya mawe na chuma, kwa madai kwamba Ujerumani imechelewesha mbao na makaa ya fidia. Serikali ya Chansela Wilhelm Cuno iliwataka watu wa Ruhr wasishirikiane na wavamizi, na ikaahidi kuwalipa waliogoma. Fedha hiyo haikuwapo, ikachapwa. Mitambo ya Benki Kuu haikutosha, zaidi ya viwanda 130 vya watu binafsi vikaitwa kusaidia, na noti nyingi zikachapwa upande mmoja tu. Dola moja ya Marekani, ambayo mwaka 1914 ilikuwa marki 4.2, ilifika marki trilioni 4.2 Novemba 1923. Mkate Berlin ukauzwa kwa marki zaidi ya bilioni 200. Watu walilipwa kila siku na kukimbilia dukani kabla bei hazijabadilishwa tena.

Si wote walioumia. Mwenye kiwanda aliyekopa benki alirudisha karatasi zisizo na thamani na kubaki na kiwanda; Hugo Stinnes alijikusanyia mamia ya kampuni kwa njia hiyo. Aliyeweka akiba ndiye aliyefilisika.

Gustav Stresemann alishika uchansela Agosti, na Septemba akafanya kile ambacho hakuna aliyetaka kukifanya: aliusitisha mgomo wa Ruhr. Oktoba Wakomunisti waliasi Hamburg. Usiku wa tarehe 8 Novemba Adolf Hitler alijaribu kupindua serikali mjini Munich, na kesho yake polisi wakauzima uasi huo kwa risasi. Wiki moja baadaye, tarehe 15 Novemba, ikatolewa sarafu mpya, Rentenmark, moja kwa trilioni moja za zamani. Dhamana yake ilikuwa ardhi na viwanda, lakini kwa maoni yangu kilichoipa nguvu ni kwamba iliwekewa kikomo, na serikali ikazuiwa kukopa Benki Kuu bila mwisho.

Siku hiyo deni la ndani la vita, zaidi ya marki bilioni 150, lilikuwa na thamani ya pfennig (senti za marki) kama 15 tu. Serikali ilikuwa huru, raia wake ndio waliolipa. Sheria ya mwaka 1925 iliwarudishia wenye hatifungani asilimia 2.5.

Wengine hawakupata hata hiyo. Mwaka 1929 Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto, alifika Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, askari. Aliambiwa amechelewa. Alibaki Ujerumani, akafia katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944.

Husemwa kwamba mfumuko wa bei ndio uliomleta Hitler. Tarehe hazikubali. Katika uchaguzi wa 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 tu; kilipaa hadi 37.3 Julai 1932, wakati bei zilikuwa zikishuka na watu kama milioni sita hawana kazi. Mwaka 1923 uliacha kitu kingine: watu wa kati waliojiona wameibiwa, na wakamtaja mwizi asiye yeye. Ebert alifariki Februari 1925, muda mfupi baada ya mahakama kutamka kwamba alikuwa msaliti wa nchi. Aprili wapiga kura wakamchagua kuwa rais Jemadari Paul von Hindenburg, mkuu wa jeshi la Kaizari katika vita vilivyokula akiba zao, na ni yeye aliyemkabidhi Hitler uchansela tarehe 30 Januari 1933.