Halo: Vita vya anga vilivyofika Mombasa

Wengi hapa Baraka wanaona Halo ni mchezo wa risasi tu, lakini hadithi yake inapita pwani ya Waswahili. Katika Halo 2, iliyotoka Novemba 2004, viumbe kutoka anga wanashambulia New Mombasa mwaka wa 2552. Halo 3 (2007) inafika Voi.

Mwaka 2022 Halo ikawa pia filamu ya mfululizo kwenye televisheni, lakini watungaji walifuata njia yao, mbali na ya mchezo. Ilikwisha baada ya misimu miwili.

Mtu akitaka kuunganisha hizo mbili, aanzie Halo 3: ODST (2009). Humo, kando ya askari, kuna Sadie, raia anayemtafuta baba yake mjini. Habari yake inasikika kwa sauti, vipande vipande, kama redio.

Watu kama Sadie wangekimbilia wapi? Wakaaji wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika mwaka 1996, wengine wakafika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Katika hadithi mpya safari ingegeuka: watu wa pwani wangefika Kigoma, wapande mashua, washuke Baraka usiku wakiuliza pa kulala.