Lango Moja, Majina Mawili

Ukipanda daladala pale Mwenge, Dar es Salaam, ukafuata Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, haupiti muda kondakta atapaza sauti: "Lugalo!" Abiria watashuka, huyu anakwenda kutibiwa katika hospitali ya jeshi, yule anakwenda kumwona ndugu yake. Ni wachache watakaojiuliza Lugalo ni kitu gani. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kambi hiyo zamani iliitwa Colito.

Leo nataka tuzungumze juu ya majina hayo mawili, maana kila moja limebeba damu ya watu.

Colito ni mahali kusini mwa Ethiopia. Hapo, tarehe 19 Mei 1941, askari wa KAR kutoka Tanganyika walivuka mto Billate chini ya risasi za Waitaliano. Waingereza wanamkumbuka Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya, aliyerukia kifaru cha adui na kukiteka, kisha akauawa alipojaribu kukiteka kingine. Alitunukiwa Nishani ya Victoria. Lakini walioloa katika mto ule wengi wao walikuwa vijana wetu, na majina yao hayatajwi. Batalioni yao ndiyo iliyogeuka kuwa Tanganyika Rifles tulipopata Uhuru mwaka 1961, na kambi yao ikabeba jina la vita vile.

Kisha yakaja ya Januari 1964. Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa Colito waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara, na walidai maofisa wa Kiingereza waondoke, kwani mwaka wa tatu wa Uhuru ulikuwa umeingia na amri ilikuwa bado mikononi mwa wageni. Madai hayo yalikuwa na msingi. Njia waliyoitumia ndiyo iliyoiponza nchi: maduka yaliporwa, watu wakauawa, na tarehe 25 Mwalimu Nyerere akalazimika kuwaita makomando wa Kiingereza waje kuizima bunduki ya mwananchi. Jeshi likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ.

Baadaye kambi ikaitwa Lugalo. Jina hilo ni la Iringa. Pale, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa waliuvamia msafara wa Wajerumani na kumwua kamanda wao, Emil von Zelewski. Hakuna mtu atakayebisha kwamba jina hilo linastahili kuandikwa kwenye lango la jeshi la nchi huru.

Mimi nilitumikia Lugalo nikiwa kijana, miaka ya themanini. Tulikuwa na mzee mmoja bohari aliyeanza kazi chini ya Waingereza. Akiagiza gari lirudi kambini, ulimi ulimteleza: "Rudi Kolito!" Vijana tukacheka. Naye alijibu kwa upole, "Chekeni tu. Mimi nilifundishwa saluti hapo." Mwaka jana nilikwenda hospitalini pale kumjulia hali mwenzangu, nikawauliza askari vijana wawili kama wamepata kulisikia jina hilo. Mmoja alidhani ni aina ya dawa.

Sikuwalaumu, kwani hakuna aliyewafundisha. Ila nasema tumechanganya mambo. Aibu ya 1964 ilikuwa ya walioasi mwaka ule. Waliokufa Ethiopia mwaka 1941 hawakumwasi mtu. Tulipoondoa jina lililotukumbusha uasi, tuliwafuta nao pamoja. Na tusisahau kwamba hata pale Lugalo ya Iringa, wengi wa walioanguka upande wa Wajerumani walikuwa askari na wapagazi Waafrika, waliobeba bunduki na mizigo ya mtu mwingine.

Sisemi jina la zamani lirudishwe. Lugalo ibaki Lugalo. Nasema kuruta anayepita langoni aelezwe habari zote tatu: 1891, 1941 na 1964. Ya kwanza itamfundisha ujasiri. Ya pili itamfundisha kwamba mtu anaweza kufa kishujaa na asitajwe. Ya tatu itamfundisha kwamba bunduki haijadili mshahara.

Na wewe msikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko babu aliyevaa sare siku zile, keti naye jioni hii na daftari. Waliobaki wanahesabika.