Vijana wa Akeri: Juma Moja la Oktoba 1896

Sisi washarika wa huku Ngara na Biharamulo tukisikia neno "mmisionari" huwa tunamwona mzee. Ana ndevu nyeupe, kofia ngumu ya jua, na Biblia nzito ya jalada jeusi. Picha zilizotundikwa katika ofisi za sharika zimetuzoesha hivyo. Tunasahau kwamba wengi wa wazee hao, siku waliposhuka melini, walikuwa na umri wa vijana wanaoimba kwaya zetu, na kwamba wengine hawakuishi hata wakaota hizo ndevu.

Ewald Ovir alizaliwa mwaka 1873, na Karl Segebrock mwaka 1872. Wote wawili walikuwa Walutheri kutoka pwani ya bahari ya Baltiki, mmoja Mestonia, mwingine mtu wa Latvia, nchi ambazo wakati huo zilitawaliwa na mfalme wa Urusi. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana tutalirudia: hawa hawakuwa Wajerumani. Walisoma katika seminari ya Misioni ya Leipzig, wakatumwa Kilimanjaro, na Oktoba 1896 mmoja alikuwa na miaka 23 na mwenzake 24.

Misioni ya Leipzig ilikuwa na miaka mitatu tu mlimani. Ilifika mwaka 1893, baada ya wamisionari Waanglikana wa CMS kulazimika kuondoka Moshi. Wajerumani walikuwa wamepigwa na Mangi Meli mwaka 1892, na serikali yao ikawashuku Waingereza wale kuwa upande wa Wachaga. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na jeshi kubwa, wakamshinda Meli, na Walutheri wakaingia. Kituo cha kwanza kilikuwa Machame, kwa Mangi Shangali, kisha Mamba, kisha Moshi. Kwa hiyo tangu mwanzo njia ya injili mlimani ilipita pale pale ilipopita njia ya bunduki. Wamisionari hawakuichagua njia hiyo kwa ubaya, lakini waliipita. Historia zetu za kanisa hupenda kulivuka jambo hili kwa sentensi moja. Mimi naona ndilo linalotufungulia mengine yote.

Upande wa magharibi wa Kilimanjaro, mwendo wa siku chache kwa miguu, upo mlima Meru. Wameru wanasema lugha iliyo karibu sana na Kimachame, na hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kuanzia safari Machame. Mtu wa Machame akisalimia Meru anaeleweka. Ndiyo maana Ovir na Segebrock hawakwenda peke yao. Walikwenda na vijana wa Kichaga, wabeba mizigo na wasaidizi, watu waliojua wapi pa kupata maji, nani asalimiwe kwanza, na neno gani lisisemwe mbele ya mangi. Mmisionari wa miaka 23 aliyefika juzi hawezi kuyajua hayo. Tunaposema "wamisionari wawili walikwenda Meru" tunasema nusu ya habari.

Lakini ujirani huo wa Machame na Meru ulikuwa na upande wa pili. Watu wa Machame walikuwa wamekwenda Meru mara nyingi kabla ya hapo, na hawakwenda kuhubiri. Walikwenda kuteka ng'ombe. Mzee wa Kimeru akiona kundi linatoka mashariki likisema Kimachame hakuwa na sababu ya kufikiri kwanza habari za Mwokozi. Tena miaka ile ilikuwa migumu. Sotoka ilikuwa imepita kwa ng'ombe wa nyika nzima mwanzoni mwa miaka ya 1890, njaa na ndui vikafuata, na habari za yaliyompata Meli zilikuwa zimefika kila boma la Wameru na Waarusha.

Katika hali hiyo vijana wetu walifika Akeri, chini ya mlima, katika nchi ya Mangi Matunda. Mangi hakuwafukuza. Walipiga mahema. Siku zao za kazi pale zilihesabika kwa vidole, na kazi yenyewe, kama ilivyo kazi ya kila mwinjilisti katika juma la kwanza, ilikuwa ndogo kuliko tunavyopenda kuisimulia: kuomba mahali pa kujenga, kuzoeana na watu, kusikiliza lugha. Hakuna aliyebatizwa. Hakuna shule iliyofunguliwa. Tarehe 18 Oktoba ilikuwa Jumapili, nayo ndiyo Jumapili yao ya mwisho.

Karibu na mahema yao palikuwa na kambi nyingine. Kapteni Johannes, mkuu wa jeshi la Wajerumani pale Moshi, alikuwa amefika Meru na askari wake. Kwa Mzungu tofauti ya kambi hizo mbili ilikuwa wazi kama mchana na usiku: huku Biblia, kule bunduki. Je, kwa morani aliyetazama kutoka mgombani ilikuwa wazi? Aliona nguo nyeupe za mahema pande zote mbili, watu weupe pande zote mbili, na Wachaga pande zote mbili. Hakuwa na namna ya kujua kwamba Mestonia si Mjerumani.

Usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 20 Oktoba 1896 morani wa Kiarusha na wa Kimeru walishuka. Waliyemtaka ni Kapteni. Kambi yake ilijihami kwa bunduki, ikapona. Mahema ya misioni hayakuwa na ulinzi wa namna hiyo. Ovir na Segebrock waliuawa, na baadhi ya wenzao Wachaga wakauawa pamoja nao. Walikufa usiku mmoja, kwa mikuki ile ile.

Nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, chuo ambacho kiko katika nchi hiyo hiyo ya Meru, Akeri haikuwa mbali nasi, na kila Oktoba habari hii ilisimuliwa. Katika kusimulia, majina mawili ya Kizungu yalitamkwa vizuri, herufi kwa herufi. Wale wengine waliitwa "wapagazi". Neno hilo linanikera mpaka leo. Mpagazi ni mtu anayelipwa kubeba mzigo, na mzigo ukishuka kazi yake imekwisha. Hawa walikuwa wamekwisha kushusha mizigo. Usiku ule walikuwa wamelala karibu na rafiki zao katika nchi ambayo wao, kuliko wale Wazungu, walijua jinsi inavyowachukia watu wa Machame. Kama kuna aliyekwenda Meru akiielewa hatari kwa ukamilifu wake, ni wao. Nawapa jina la mashahidi bila kusitasita, na kama mwalimu fulani wa dogmatiki atauliza kama walikuwa wamebatizwa, nitamwomba asome tena habari za mwizi msalabani.

Huku kwetu Kagera tuna bahati kidogo katika jambo hili. Walutheri wa Misioni ya Betheli, pamoja na mchungaji Ernst Johanssen, walipoanza kazi Bukoba mwaka 1910, walimkuta Andrea Kajerero na wenzake, Wahaya waliokwisha kuamini kwa habari iliyotoka Uganda, wakisoma vitabu vya Kiganda na kukusanyika. Kwa hiyo kanisa la Buhaya haliwezi kusimulia mwanzo wake bila kutaja jina la Mwafrika. Hilo si jambo dogo. Akeri hawakupata nafasi hiyo.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo mahubiri ya Oktoba huipita haraka. Baada ya mauaji, Kapteni Johannes hakukaa kimya. Alirudi Meru na Arusha akiwa na askari na kundi kubwa la mashujaa wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, ng'ombe na mbuzi walitekwa kwa wingi, watu wengi waliuawa. Hatukosei tukisema kwamba waliokufa katika kulipiza kisasi walikuwa wengi kuliko waliokufa Akeri, na wengi wao hawakushika mkuki wowote usiku ule. Miaka michache baadaye, mwaka 1900, boma la Wajerumani lilisimama Arusha, likajengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru wenyewe. Jengo hilo lipo bado. Siku hizi ni makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa kuangalia wanyama na mawe ya kale.

Luka, katika sura ya 9, anasimulia kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Bwana. Yakobo na Yohana walitaka moto ushuke ukiteketeze. Bwana akageuka akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Kisha katika sura ya 10, mara tu baada ya hapo, anawatuma wanafunzi wengine wawili wawili, na anawapa agizo la kufanya wakikataliwa: wakung'ute mavumbi. Basi. Sijawahi kuona mahali ambapo aliwaruhusu watume askari warudi badala yao. Moto ulioshuka Meru uliitwa adhabu kwa ajili ya damu ya watumishi wa Mungu. Ovir na Segebrock hawakuuomba, na hawakuwepo kuukataa.

Wapo watakaosema ninawahukumu watu wa kale kwa macho ya leo. Labda. Lakini sisi wa Ngara hatuhitaji kwenda mbali ili kuelewa swali la hema. Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takriban saa 24, na kilima cha Benaco kikawa mji wa turubai. Vijana wengi walikuja kuhudumu, kutoka makanisa na mashirika ya kila aina, wengine hawajafikisha hata miaka 25. Walichimba vyoo, waligawa mahindi, walizika watoto. Baada ya muda wakaanza kuona kwamba katika mahema yale yale waliyoyahudumia walikuwemo walioua, na kwamba viongozi wa mauaji walikuwa wakitawala ugawaji wa chakula. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliamua mwishoni mwa mwaka huo kuondoka kambini. Wengine walibaki, wakisema mtoto mwenye kuhara hana kosa. Nawaheshimu wote wawili, na sijui ningefanya nini. Ninachoona ni kwamba hapakuwa na hema lisilokuwa na jirani.

Ndivyo ilivyo hata katika mambo madogo. Katika juma moja la uinjilisti vijana wetu wa Kabanga, wawili wawili, walifika kwenye nyumba moja wakiwa na daftari la kuandika majina ya wagonjwa wa kuombewa. Mama mwenye nyumba alifunga mlango. Baadaye alimwambia jirani kwamba alidhani ni watu wa kupima ardhi, maana mwezi uliotangulia walipita vijana wawili kama hao, wasafi, wenye adabu na daftari. Vijana wetu walirudi wamevunjika moyo, wakisema shetani amewazuia. Niliwaambia wamwachie shetani yaliyo yake, na kesho waende bila daftari, tena waongozane na mzee wa kanisa anayemjua mama yule kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Walikwenda, wakapewa uji.

Turudi Meru. Misioni haikurudi mara moja. Mwaka 1902 Arno Krause alifungua kituo Nkoaranga, juu kidogo mlimani, na mwaka 1904 kituo cha Ilboru kikaanza kwa Waarusha. Nisingependa msomaji afikiri kwamba sasa kila kitu kilikuwa safi. Boma lilikuwa limekwisha kusimama, na watu walijua nani ni mshindi. Watu wachache walikuja kusikiliza, pole pole, na baadhi yao walikuja kwa sababu ya shule au dawa. Lakini walikuja kwa miguu yao, na miongoni mwa waliokuja walikuwamo wa rika lile lile lililoshuka na mikuki usiku wa Akeri.

Makaburi ya Ovir na Segebrock yako Akeri hadi leo. Usharika wa pale ni wa Wameru, na ni Wameru wanaoyafagia.