Istilahi za Projekta: Kutoka Vugiri hadi Kamachumu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya kuonyeshea picha ukutani yalivyoingia katika lugha yetu, na kwa nini mojawapo, yaani neno mwangaza, huwapotosha mafundi wa Bukoba na Muleba hadi leo. Jambo lenyewe laweza kuonekana dogo. Lakini mzazi aliyekodi projekta ili jamaa waliokaa nje ya turubai waione ndoa ya mwanawe, kisha akaona nyuso za wageni zimegeuka majivu, hatalihesabu kuwa dogo.

Sinema ya kutembezwa vijijini haikuanza juzi. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri karibu na Korogwe, palifanyika jaribio la sinema za elimu chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilikuwa za milimita 16, na maelezo yalitiwa kando katika sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusemeshwa kwa lugha kadha wa kadha. Mwaka 1939 Waingereza wakaunda idara ya filamu za makoloni, nayo ikadumu hadi 1955. Mmoja wa wakuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mwendo wa haraka. Sisi twaona kwamba angeanza kwa kuuliza picha yenyewe ilionekanaje kwa aliyekaa nyuma, juu ya kitambaa kinachopepea na taa inayofifia kila jenereta ilipokohoa.

Nyakati hizo ndizo zilizotupatia sinema, filamu na lenzi. Kiwambo kina asili ya zamani zaidi: kinatokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na fundi yeyote aliyepata kuning'iniza shuka lililolegea anajua kwa nini neno hilo linafaa kuliko skrini. Lakini vitufe vya kurekebishia picha havikupata majina. Mwendesha mashine ya filamu alisogeza lenzi na kutazama taa, basi. Rangi na weusi vilikwisha kuamuliwa maabara. Vitufe vililetwa na televisheni, nayo ilichelewa kwetu. Zanzibar iliipata mwaka 1973. Bara ilingoja hadi 1994. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa 1967, lilikuwa limefanya kazi zaidi ya robo karne kabla ya mtazamaji wa kawaida wa Bukoba kuhitaji jina la kitufe kile.

Kwa hiyo majina yaliokotwa vibandani. Vibanda vya video, ambavyo watu kwa utani waliviita vibanda umiza, vilikuwa shule ya watazamaji na ya lugha pia. Ndimo sauti ya Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ilimosikika ikizisimulia kwa Kiswahili filamu za kigeni. Msimulizi alitafsiri maneno ya waigizaji. Maandishi ya mashine hayakutafsiriwa na mtu. Yakabaki "braitinesi" na "kontrasti", na aliyetaka kusema Kiswahili akasema mwangaza.

Hapo ndipo kosa lilipo. Tulipata kumtazama fundi mmoja wa Kamachumu akitayarisha ukumbi alasiri. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati, picha ikaonekana hafifu, naye akaongeza mwangaza. Picha ikapauka. Akaongeza tena, na suti nyeusi ya bwana harusi ikawa ya kijivu. Fundi hakuwa mjinga, alilitii neno. Kitufe hicho, kijapoitwa hivyo, kazi yake hasa ni kuweka mahali weusi unapoanzia. Kinachoweka kilele cha weupe ni kile cha kontrasti. Majina hayo yanapotosha hata kwa Kiingereza, nasi hatulazimiki kurithi upotofu wa wenyewe.

Tena projekta haina rangi nyeusi ya kurusha. Weusi wake ni kiwambo chenyewe mahali pasipoangazwa, na kama kiwambo kinapigwa na jua, hakuna kitufe kitakachokifanya cheusi. Dawa ya kwanza ni kuziba matundu. Ndipo ioneshwe picha ya kupimia yenye mistari iliyokaribiana na weusi: mstari ulio juu kidogo ya weusi uonekane kwa shida, na ulio chini yake upotee. Katika mfumo wa kawaida wa video weusi huhesabiwa 16 na weupe 235, katika ngazi za 0 hadi 255. Kifaa kimoja kikihesabu hivyo na kingine kikianzia 0, picha itapauka au itazama gizani, hata fundi afanye nini.

Kuzama huko ndiko tunakokuhofia zaidi. Kadi za kulinganishia rangi zilizotumiwa na maabara za Kodak kwa miaka mingi zilikuwa na sura ya mwanamke Mzungu. Mashine ikirekebishwa kwa kipimo cha namna hiyo, uso wa bibi harusi wa Nshamba huungana na nywele zake. Fundi wetu hakuwa na kadi. Alisimamisha picha penye mkungu wa ndizi mbivu na uso wa bibi mzee, akarekebisha hadi vyote viwili vikaonekana vya kweli.

Basi twapendekeza kina cha weusi badala ya mwangaza, kilele cha weupe badala ya kontrasti, na ukolezi wa rangi, ambao wanakemia wanautumia tayari kwa maana ya jirani. Kwa kazi nzima twapendekeza uhakiki wa picha, kwa kuwa mkulima wa kahawa wa Muleba anajua kuhakiki mizani ni nini, na anajua pia hasara ya mizani isiyohakikiwa.

Limetushinda moja. Kipimo cha kelvini 6500, kinachofuatwa katika video, huitwa na wataalamu joto la rangi. Lakini namba ikipanda, picha huwa ya kibuluu na mtazamaji husema imepoa. Joto likiongezeka kisha watu waone baridi, neno hilo halitakaa vibandani. Yule fundi wa Kamachumu husema tu "ubuluu", apunguze au aongeze, nasi hatujapata lililo bora.