Damu yetu, majibu yao: historia fupi ya utafiti uliofungiwa na uliofunguliwa

Kila familia iliyokimbia vita na kufika Baraka inawajua watu wa daftari. Wanauliza mna watoto wangapi, mnachota maji wapi, nani ameugua kipindupindu. Wengine wanachukua damu. Kisha wanaondoka, na majibu hatuyasikii. Jambo hili halikuanza leo, na huko Liberia lilileta hasara kubwa.

Mwaka 1982, watafiti wa Ulaya walichapisha makala juu ya damu ya watu wa Liberia. Ndani yake walikuta alama za Ebola, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1976 nchini kwetu, Yambuku, na huko Sudani. Waliandika kwamba Liberia ihesabiwe kati ya nchi zenye Ebola. Lakini hakuna Mliberia aliyeandika pamoja nao, na jarida lilikuwa la kulipia. Ebola ilipolipuka Liberia mwaka 2014, wakubwa wa afya hawakuwa na habari ya onyo hilo. Zaidi ya watu 4,800 walikufa. Mwaka 2015, daktari mkuu wa serikali, Bernice Dahn, na wenzake wawili waliandika kwamba kusoma makala moja ya namna ile kungemgharimu daktari wa kwao dola 45, karibu mshahara wa nusu wiki.

Kumbe mapambano ya kufungua utafiti yalikuwa yameshaanza. Februari 2002 lilitolewa tamko la Budapest, Hungaria: utafiti usomwe bure kwenye intaneti, na kila mtu. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani, OMS, lilianzisha Hinari, ili hospitali na vyuo vya nchi maskini visome majarida bure au kwa bei ndogo. Ila mlango huo ni wa hospitali na vyuo. Mama aliye kambini haumhusu.

Tuje jimboni kwetu. Mwishoni mwa 2023, mpox ilienea Kamituga, mji wa dhahabu huko Mwenga. Watafiti Wakongomani na wenzao wa nje waligundua aina mpya ya virusi. Safari hii hawakungoja. Aprili 2024 waliweka matokeo kwenye intaneti, bure, hata kabla wataalamu wengine hawajayakagua. Juni yakatoka katika jarida Nature Medicine. Tarehe 14 Agosti OMS ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa.

Tofauti na Liberia, onyo hili halikufichika. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza. Mchimba dhahabu wa Misisi angelisomaje? Kwa hiyo kufungua ni hatua ya kwanza tu. Ya pili ni kutafsiri, na hiyo ni kazi ya redio pia.

Basi, wandugu, mtu wa daftari akija, mjibuni kwa heshima, kisha nanyi mumuulize: Majibu yatatoka lini? Yatasomwa bure? Nani atayarudisha hapa, kwa Kiswahili na Kibembe? Akitaja mahali yalipo, mtuletee redioni. Tutamwomba muuguzi au daktari atufafanulie, maana utafiti ambao haujakaguliwa unaweza kukosea.

Damu ilitoka kwetu. Habari yake nayo irudi kwetu.