Fidia ya Mzimamoto: Jeraha na Maradhi

Buhongwa iko kusini ya mji wa Mwanza, katika njia kuu iendayo Shinyanga. Hupita hapo malori ya pamba na ya mafuta, vitu viwakavyo upesi. Na kila viwakapo hutakiwa mtu wa kuvizima. Swali lililochukua miaka mingi kujibiwa ni hili: mtu huyo akiharibika mwili kwa kazi hiyo, ni nani atakayemtunza?

Uingereza iliweka sheria ya fidia mwaka 1897, na msingi wake ulikuwa kwamba tajiri hulipa hata kama hakukosa lolote. Tanganyika ilipata sheria ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940. Kabla yake, mfanyakazi aliyeumia alitegemea hisani ya tajiri wake, na hisani ikikosekana, mzigo ulirudi kwa mke na ndugu.

Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, kima cha malipo kiliandikwa kwa hesabu ya fedha. Miaka ikapita, thamani ya fedha ikashuka, na hata hesabu iliyokuwapo mwishoni, shilingi 108,000 kwa ulemavu na 83,000 kwa kifo, haikuweza kulisha nyumba.

Kasoro ya pili ilihusu maradhi, nayo haikuwa ya Tanganyika peke yake. Mguu uliovunjika una siku yake na mashahidi wake, moshi hauna. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1925 juu ya maradhi ya kazini ulitaja matatu tu: sumu ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Mzimamoto hakuwamo. Hali yeye huvuta moshi wa plastiki na rangi, na masizi humwingia hata kwa ngozi, naye huweza kuonekana mzima kwa miaka mingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilitangaza mwaka 2007 kwamba huenda kazi hiyo huleta saratani. Mwaka 2022 shaka iliondolewa: kazi hiyo iliwekwa katika daraja la kwanza la visababishi vya saratani, ikatajwa ya kibofu cha mkojo na ya utando wa mapafu.

Katika Tanzania Bara mabadiliko yalikuja kwa hatua. Sheria ya mwaka 2007 ilifanya zimamoto, iliyokuwa kazi ya halmashauri za miji, kuwa jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sheria ya mwaka 2008 ikaweka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Humo waajiri huchangia kwa pamoja, maradhi yatokanayo na kazi hutambuliwa, na anayepata ulemavu wa kudumu uzidio asilimia 30 hulipwa kila mwezi badala ya mara moja.

Hata hivyo fidia ya maradhi hudai ushahidi. Yapasa basi kila moto uandikwe daftarini pamoja na majina ya walioukabili na vitu vilivyoungua, na afya yao ipimwe mara kwa mara, hata baada ya kustaafu. Pasipo kumbukumbu hizo, mgonjwa atarudi palepale alipokuwa kabla ya sheria, mikononi mwa ndugu zake.